Laana Isiyo na Mwenyewe

Mwalimu wetu wa maigizo alitoka Pwani, na kitu cha kwanza alichotufundisha kilikuwa kulala. Alitulaza chali kwenye sakafu ya darasa, wanaume upande wa dirishani, wanawake upande wa mlangoni, akamwekea kila mmoja wetu kopo la maharage juu ya tumbo.

"Vuteni pumzi," akasema. "Nataka kuona kopo linapanda. Atakayepandisha kifua nitamrudisha kwao."

Wenzetu waliotoka mashambani tangu alfajiri walilala kweli. Jirani yangu alikoroma mpaka kopo likaanguka na maharage yakatawanyika sakafu nzima, tukayaokota huku tukicheka.

Hiyo ilikuwa Karatu, mwaka mmoja hivi baada ya Uhuru. Mji wenyewe ulikuwa maduka machache kando ya barabara ya vumbi jekundu iendayo Ngorongoro. Mimi nilikuwa nikishona vifungo na kupinda nguo kibarazani kwa fundi cherehani Mwislamu, mtu mpole aliyeniruhusu kuondoka mapema siku za mazoezi. Wenzangu wengine walikuwa makarani, walimu, na vibarua wa mashamba ya kahawa. Kila mtu siku hizo alitaka kuimba, kucheza au kuhutubia, na mwalimu alikuwa ameandika mchezo wake mwenyewe wa kutuzungusha wilayani.

Baada ya pumzi alihamia mdomoni. Alisema sisi watu wa bara tunaongea kama watu wanaoona baridi, midomo imebana, na hapo hakukosea, maana baridi tulikuwa tunaiona kweli. Dawa yake ilikuwa gunzi la mahindi. Unaling'ata katikati ya meno, unasema maneno yako yote nalo mdomoni, mate yanakuchuruzika mpaka kidevuni, kisha unalitoa, na ghafla ulimi unajikuta una nafasi ya kutembea. Alituzuia kumeza mwisho wa sentensi. Alisema aliyekaa nyuma kabisa ametembea mwendo uleule na aliyekaa mbele, kwa nini umpe nusu ya habari?

Kilichonishangaza kuliko vyote kilikuwa mnong'ono wa jukwaani. Nilidhani kunong'ona ni kunong'ona tu. Kumbe kuna mnong'ono unaosikika hadi nje ya dirisha, nao hautumii koo hata kidogo. Unatumia pumzi ya tumboni na midomo, herufi unazitema moja moja, tena polepole. Nilijizoeza nikiwa nimeinamia vifungo vya watu, na fundi akawa ananiuliza kama nina mafua.

Tulianza kuigiza Karatu kwenyewe, siku ya gulio, kisha tukapanda lori kwenda Ngorongoro, kwenye kambi ya vibarua wa barabara ukingoni mwa kreta. Ilikuwa mchana, lakini ukungu ulikuwa ukipita katikati yetu na watazamaji, mara tunawaona, mara hatuwaoni. Nikakumbuka maharage, nikaipeleka sauti mbele. Tulipomaliza, dereva wa lori la kokoto, aliyekuwa amesimama nyuma ya wote juu ya gari lake, alinifuata akaniambia, "Dada, sikukuona hata mara moja, ila nimesikia kila neno." Huyo ndiye aliyekuja kunichumbia.

Sasa nieleze mchezo wenyewe, kwa sababu mambo yote yalitoka hapo. Kijana mmoja mlevi anauza shamba la marehemu baba yake, na mama yake anamlaani. Kijana aliigizwa na Mchaga aliyekuwa akiuza dukani, mtoto wa watu asiyeonja hata togwa. Mama nilikuwa mimi. Laana ile mwalimu aliiandika baada ya kuwauliza wazee wa kwetu, Wairaqw, jinsi mama anavyolaani, na wao, kwa ukarimu wao, wakamwambia. Sitayaandika hapa maneno yale. Watu wataniambia nimesoma, nimezeeka, na bado naogopa mambo ya kizamani. Waseme.

Karatu mjini watu walicheka na kupiga makofi. Kambini wengi walikuwa wageni wa makabila mengine, wakalia kidogo wakaenda kula. Kijiji cha Endabash kilikuwa habari nyingine. Pale waliokaa mbele yetu walikuwa wakulima na wafugaji wa Kiiraqw, wazee kwa vijana, na mimi siku hiyo sauti yangu ilikuwa imekomaa. Nilisimama, nikayatoa maneno yale yote, na nilipomaliza hapakuwa na kofi hata moja. Mzee mmoja aliinuka kutoka kwenye kigoda chake akanielekezea fimbo.

"Mama huyo afute."

"Mzee wangu, huu ni mchezo tu," mwalimu alimwambia kwa adabu. "Huyu si mama yake, na yule si mwanawe."

"Hilo tunaliona. Kijana ni wa Kilimanjaro, huyo binti hawezi kuwa amemzaa. Ndiyo maana laana imetoka mdomoni na haikumpata mtu. Ipo hapahapa, inamtafuta mwenyewe."

"Lakini hakuwa anamaanisha."

"Sisi tumesikia," mzee akasema. "Angekuwa hamaanishi, tusingesikia namna ile."

Mwalimu alinigeukia. Kwao Pwani neno la jukwaani hubaki jukwaani. Kwetu neno likishatoka mdomoni limetoka, na likitoka limenyooka, ni baya zaidi. Tungeigiza vibaya tungerudi nyumbani salama. Wazee walikaa wakaamua: mchezo usimame, na aitwe mtu wa kuifungua laana.

Mtu huyo alikuwa baba yangu.

Msije mkamfikiria vibaya, yaani vizuri kupita kiasi. Baba alikuwa mkulima wa Qurus, mpenda pombe, mwepesi wa hasira, na ukali huo mimi ndiye niliyeurithi. Lakini alijaliwa slufay. Hiyo ni sala ndefu ya Kiiraqw ambayo mtu mmoja huomba, mstari kwa mstari, na waliokaa huitikia kwa pamoja, mpaka muombaji na waitikiaji wanakuwa kitu kimoja. Maneno yake ni ya ndani, mengi ya zamani, vijana hawayashiki yote. Baba aliitwa kwenye harusi, kwenye ukame, kwenye ugomvi wa mipaka. Alikuwa na sauti nzito, haina haraka. Nilikua nikiisikia kutoka kwenye maboma ya watu wengine huku nikichunga mbuzi.

Maigizo yangu hakuyapenda. Alisema neno ni kama kaa la moto la kuazima kwa jirani, hulichukui kabla hujajua unakwenda kuwasha wapi. Lakini alipoletewa habari ya Endabash hakunigombeza. Aliniita uani, akakaa kwenye kigoda.

"Lazima nijue umefunga nini ndipo nifungue," akaniambia. "Sema."

Nikayasema kwa sauti ya chini, nikitazama miguu yangu.

"Si hivyo. Sema ulivyosema kule."

"Baba, siwezi kukusemea wewe maneno haya."

"Nani amesema unanisemea mimi? Mimi ni sikio tu. Sema."

Basi nikasimama wima, nikavuta pumzi mpaka chini ya mbavu kama nilivyofundishwa, nikamwambia baba yangu laana yote, usoni, na sikumeza mwisho hata mmoja. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama mlangoni. Majirani waliokuwa wakipalilia ng'ambo ya kijito waliinua vichwa. Baba akasema, "Sasa naelewa kwa nini waliinuka." Nadhani alijivuna kidogo. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi, na bado nadhani alijivuna.

Alikwenda Endabash, ikapikwa pombe, akaomba mpaka jua likainama, watu wakaitikia, ikaisha. Mchezo wetu ukakatwa laana, ukabaki hauna chumvi. Mwalimu akahamishwa muda mfupi baadaye, kikundi kikafa. Mimi nikarudi kwenye vifungo vyangu, na dereva akaanza kupita kibarazani kila alipopata kisingizio.

Mvua za vuli zilipoanza, sauti ya baba ikaanza kukwaruza. Tukasema ni baridi. Tukampa asali, tukampa tangawizi, tukamfunga shuka shingoni. Mvua zikakatika, sauti haikurudi. Tulimpeleka hospitali, daktari akammulika kooni kwa muda mrefu, akatuambia kuna uvimbe umeota penye sauti, tena si wa jana, umekuwa ukikua taratibu pengine kwa miaka. Hakutuficha. Alisema tumrudishe nyumbani tumtunze.

Nililishika lile neno la daktari, kwamba si wa jana, nikalibeba Qurus nzima. Nilimwambia kila mtu, hata asiyeuliza. Haikusaidia kitu. Walionisikia siku ile kutoka ng'ambo ya kijito walikuwa wameshasema: laana ya Endabash ilikosa mwenyewe, ikamtafuta, ikampata aliyekaa mbele ya mdomo wa binti yake. Ikamkamata palepale kwenye koo alilofungulia. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, ndivyo walivyonijibu. Nikagombana na watu kisimani, nikagombana na shangazi zangu, nikamtukana mke wa jirani kwa maneno ambayo hata mwalimu asingethubutu kuyaandika. Nikifika nyumbani namkuta baba amekaa mlangoni anakunywa uji kwa kijiko, nami nakwenda nyuma ya nyumba nalia. Niliumia. Sikuamini hata kidogo, na bado niliumia kama ninayeamini.

Habari zikamfikia mama wa mchumba wangu, mjane wa upande wa Oldeani. Alikuja mwenyewe, kwa miguu, akakaa na mama yangu, kisha akaomba kuongea nami.

"Sikukatai, mwanangu," akasema. "Ila nina mtoto mmoja tu, na watu wanasema ninayoyasikia. Baba yako akuombee siku ya harusi. Yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, si kwa kinywa cha ndugu. Nimsikie kwa masikio yangu. Nikimsikia, nitajua hakuna kitu kati yako na yeye, na nitawajibu watu mimi."

Sikukasirika. Kwa jinsi nilivyokuwa siku zile, hilo lenyewe lilikuwa muujiza. Nilimwona ni mama anayeogopa. Lakini baba wakati huo hakuwa na sauti tena, alikuwa na pumzi inayokwaruza tu. Harusi ilikuwa baada ya mavuno, na mahindi yalikwishaanza kukauka shambani. Kama baba hangesikika, nisingekosa mume tu. Ningekuwa, kwa macho ya watu wote niliokua nao, binti aliyemuua baba yake kwa mdomo.

Nikamwambia baba, "Ipo namna ya kunong'ona watu wakasikia."

Akanitazama, akanong'ona, "Utanilaza na maharage?"

Nikamlaza na maharage. Baba yangu, mtu ambaye sikuwahi hata kumwita akiwa amelala, nilimlaza kwenye ngozi pale ndani, nikamwekea kopo tumboni, nikamwambia alipandishe. Alikuwa amekonda, kopo lilikaa kwenye shimo. Mara ya kwanza alicheka na kicheko kikamtia kikohozi kibaya, ikabidi tuache mpaka kesho yake. Lakini alikuwa mbishi. Siku chache baadaye kopo likawa linapanda.

Nilimfundisha kuacha koo lipumzike na kusema kwa midomo na meno. Shida ilikuwa Kiiraqw chenyewe. Lugha yetu ina sauti nyingi za kooni, za chini kabisa, na kila moja ilimkata. Nilimwona akifika kwenye neno, anasita, uso unakunjamana, anatafuta jingine lisilopita huko. Mtu aliyekuwa akiyamwaga maneno bila kuyahesabu, sasa aliyachagua kama mtu anayetoa mawe kwenye dengu. Nilipomwambia apumzike alinikatalia kwa mkono.

Jambo moja nililigeuza. Mwalimu alitukataza kuonyesha pumzi, alisema mtazamaji asijue unapumua wapi. Mimi nilimwambia baba aionyeshe. Apandishe kifua chote mwisho wa kila mstari, kila mtu aone, ili wajue ndipo pa kuitikia. Kwa namna hiyo, hata neno likipotea njiani, waitikiaji wasingepotea. Tulifanya hivyo kila siku, yeye akinong'ona, mimi nikiitikia. Nikienda kusimama nje ya mlango nilimsikia. Nikienda mpaka kwenye zizi, nilimsikia kidogo. Kuhusu maneno ya harusi yenyewe alikataa kunijaribia, alisema sala si nguo ya kupima kwanza. Tulifanyia mazoezi sala ya mvua.

Siku ya harusi ilikuwa kavu, haina upepo, nikamshukuru Mungu kwa hilo. Wanaume walikaa uani, baba katikati kwenye kigoda chake, baba mdogo amemkalia karibu. Sisi wanawake tulikuwa ndani na mlangoni, mimi nimevikwa sketi ya ngozi ya shanga ya bibi yangu, na mama wa mchumba wangu amesimama kwenye kizingiti, sikio moja nje. Watu walikuwa wengi kuliko tuliowaalika. Wengine walikuja kusikia kama kutakuwa na sauti.

Baba akavuta pumzi, akaanza. Na alisikika! Mnong'ono ulitoka mkavu, safi, kila herufi mahali pake. Aliomba kwa ajili ya nchi, kwa ajili ya ng'ombe, kwa ajili ya wageni waliotembea. Kifua kilipanda, watu wakaitikia. Mama alinishika mkono akaubana. Nilisikia mstari baada ya mstari, nikajua bado kidogo atafika kwangu, maana sala ya harusi huanzia mbali, kwenye nchi na mifugo, ndipo iingie nyumbani.

Akafika. Nilimwona akigeuza uso kuelekea mlangoni nilipo. Akafungua mdomo, kikohozi kikamkamata. Baba mdogo alimpa kitambaa, akajifuta, akakikunja haraka ili tusione rangi yake. Akakaa sawa. Akavuta pumzi, midomo ikaanza kwenda, na hapakuwa na kitu. Hapakuwa na sauti wala mnong'ono. Midomo ilikwenda, mkono ulikwenda, macho yalikuwa kwangu. Mstari ukaisha, kifua kikapanda.

Hakuna aliyeitikia. Nao wangeitikia nini? Niliwaona wanaume wakitazamana. Baba akaendelea na mstari wa pili kana kwamba wamejibu, ukaisha, akapandisha kifua tena, na bado ni kimya. Nilitaka kupiga kelele. Bibi harusi haitikii sala yake mwenyewe, lakini nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Aliyenitangulia ni yule mjane. Pale kwenye kizingiti, mwanamke, mgeni, upande usiotegemewa kuanza, aliitikia peke yake kwa sauti kubwa: "Na iwe hivyo." Baba hakumtazama, aliendelea tu. Kifua kilipopanda tena aliitikia tena, na safari hii mama yangu alikuwa naye, na wanawake wa jikoni. Mara ya tatu wanaume waliingia. Walipoingia waliingia wote, mpaka vumbi la paa likatudondokea. Baba aliomba sala ndefu kuliko nilizowahi kumsikia, yote bila sauti, na kila alipovuta pumzi boma zima liliitikia.

Baadaye, nikiwa tayari nyumbani kwake Oldeani, nilimwuliza mama mkwe wangu alisikia nini siku ile.

"Sikusikia neno, mwanangu," akasema, akiendelea kuchambua mboga.

"Sasa uliitikia nini?"

"Nilimwitikia baba yako."

Hatukuongea tena juu ya hilo, na watu aliwajibu kama alivyoahidi.

Nilimwuliza baba mdogo aliyekaa ubavuni mwa baba. Naye hakusikia. Nilimwuliza mama, akalia. Nikaona nimwulize baba mwenyewe kabla hajaondoka. Nilimkuta amelalia ubavu, amekuwa mdogo, kichwa kikubwa kuliko mto. Mama alikuwa kisimani. Nikampa shikamoo, nikapiga magoti karibu naye, nikamwuliza, "Baba, siku ile uliniombea nini?"

Nilitaka aniashirie tu, neno moja au mawili. Yeye alielewa kwamba namwomba arudie. Alijisukuma mpaka nikamsaidia kukaa, akaniinulia kiganja, akavuta pumzi na midomo ikaanza kwenda. Nilisogeza sikio mpaka karibu na meno yake, nikapata joto la pumzi tu. Nilijaribu kusoma midomo, lakini yale ni maneno ya zamani na mengi siyajui hata yakisemwa kwa sauti. Kisha akafika mwisho wa mstari, akapandisha kifua, akaningoja.

Nikaitikia. Akaendelea, akapandisha tena, nikaitikia tena. Alikwenda hivyo mpaka mwisho wa sala, hakuruka kitu, na mimi niliitikia kila mahali, na mpaka leo sijui aliniombea nini.